Kufufua jiko la duara la mkaa: mwongozo kamili kwa mtu wa mwambao

Jiko la duara ni lile la kuchomea nyama na samaki lenye bakuli la chuma, mfuniko wa kuba, miguu mitatu na matundu ya hewa juu na chini. Mwaka 1952 George Stephen, wa kampuni ya Weber Brothers Metal Works huko Chicago, Marekani, alichukua boya la chuma akalikata nusu kwa nusu, nusu ya chini akaitia miguu, nusu ya juu akaitia mkono. Ukisimama Raskazone ukatazama maboya ya bandari ya Tanga, umeshaliona umbo lake.

Chuma chake kimefunikwa kwa enameli, yaani kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 800 za Selsiasi. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika nalo. Hewa ya chumvi ya mwambao inakula bati, nondo na bolti, lakini kioo haikiwezi. Jiko lililotupwa uani kwa miaka mingi mara nyingi ni bakuli zima lililozungukwa na vikorokoro vilivyokufa: riveti zimeoza, visahani vya hewa (vile vya kufungua na kufunga matundu) vimeganda, ekseli imekatika, mkono wa mbao umekuwa unga. Kwa hiyo kazi ni mbili tu. Ya kwanza ni kulirudishia jiko uwezo wa kufungua na kufunga hewa. Ya pili ni kutoiumiza enameli wakati unafanya hiyo ya kwanza. Kung'aa kunaweza kusubiri.

Kulipata na kulikagua

Pita kwa wanunuzi wa vyuma chakavu Ngamiani na Makorora hapa Tanga, uliza kwenye nyumba za zamani za mashamba ya mkonge, na sikiliza ni nani anahama na kuuza vyombo. Jiko la sentimita 57 halifiki kilo 20. Uliza kwanza bei ya chuma kwa kilo siku hiyo, piga hesabu, na hapo umejua pa kuanzia mazungumzo. Swali la kistaarabu ni hili: “Mzee wangu, hili unaliuza kama jiko au kama chuma?” Jibu lake litakuokolea nusu saa ya kupatana.

Kabla ya kutoa fedha, angalia mambo manne kwa mpangilio huu.

Anza na duara. Weka mfuniko juu ya bakuli, uzungushe taratibu mzunguko mzima. Ukikaa vizuri mahali pamoja na kupanda mahali pengine, kimojawapo kimepinda. Mfuniko uliodondoshwa huwa umbo la yai, na enameli haipendi kukunjwa, kwa hiyo tofauti ya zaidi ya sentimita moja kati ya upana wa huku na upana wa huku ni sababu ya kuliacha. Tofauti ya milimita chache haina neno.

Pili, sakafu ya bakuli. Majivu hufyonza unyevu, na majivu yaliyolowa hula chuma mahali penye ufa wa enameli. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka kila tundu la hewa la chini. Chuma kikibonyea au kikichomoka vipande, ukingo wa tundu umekwisha na kisahani hakitapata pa kukaa. Tundu dogo la kutu pembeni linazibika. Ukingo wa tundu la hewa hauzibiki kwa namna ya kuridhisha.

Tatu, vikombe vya miguu, ile mirija mifupi iliyochomelewa chini ya bakuli. Shika mguu, tikisa kidogo. Mguu ukicheza ndani ya kikombe, sawa. Kikombe chenyewe kikicheza kwenye bakuli, liache jiko au lichukue kwa ajili ya mfuniko tu.

Nne ni enameli. Hapa watu wengi huogopeshwa bure na ndani ya mfuniko, ambako huwa panaonekana kama rangi inayobanduka magamba meusi. Ndani hakuna rangi. Ni moshi na mafuta ya nyama yaliyokauka tabaka juu ya tabaka, na yatatoka. Pa kuangalia ni palipobanduka kioo chenyewe, ukaona chuma chenye kutu. Alama za ukubwa wa sarafu si tatizo.

Umri wake? Tangu 1979 Weber walianza kupiga herufi ya mwaka kwenye kisahani cha hewa cha mfuniko. Pasipo herufi, jiko ni la kabla ya hapo au kisahani kimebadilishwa. Jiko lenye matundu matatu ya chini, kila moja na kisahani chake na mkono wake mdogo, ni la mtindo wa zamani. Lenye mkono mmoja unaoendesha mapanga matatu (vipande vya bati vya kufunika matundu) kwa pamoja, yakifagia na majivu, ni la kuanzia miaka ya 1980. Upana wa mdomo wa bakuli hukupa saizi: sentimita 57 ndiyo ya kawaida, 47 ndiyo ndogo yake. Vipimo vya mwongozo huu ni vya 57.

Vifaa

Huhitaji karakana. Tafuta drili yenye vichwa vya milimita 3 na 5, spana ya bomba, koleo, bisibisi, brashi ya nailoni, sumaku ndogo na glavu za mpira ndefu. Nunua bolti za stenlesi za M5, yaani za unene wa milimita 5, zenye urefu wa milimita 20, kama kumi hivi, kila moja na nati mbili na washa mbili. Usikubali nati zile zenye pete ya nailoni ndani: nailoni itayeyuka kwenye moto wa kwanza na nati italegea.

Vya kusugulia tunavyo nyumbani. Kumbi la nazi lililolowekwa linasugua vizuri kuliko sponji, na brashi ya mkonge inaingia penye kona bila kuchubua kioo. Kifuu kilichovunjwa kikawa na ukingo mkali ndicho kikwangulio bora kabisa cha ndani ya bakuli: kigumu kuliko mkaa wa mafuta, laini kuliko enameli. Patasi, panga na brashi ya waya wa chuma viache mbali.

Kwa upande wa dawa: nusu kilo ya magadi, sabuni ya unga, lita moja ya mafuta ya taa, gramu 200 za unga wa ndimu ule wa dukani (au siki lita mbili), na kopo dogo la rangi nyeusi ya kuhimili joto, aina inayopakwa eksozi za pikipiki, iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi.

Kulivua

Piga picha kila upande kwa simu kabla ya kugusa kitu. Kisha pitisha sumaku kwenye miguu, visahani vya hewa, mapanga ya chini na sahani ya majivu. Palipo na aluminiamu sumaku haishiki. Andika ni vipi, kwa sababu magadi, na zaidi yake kostiki, huila aluminiamu: sufuria iliyochemshiwa maharage ya magadi inavyokuwa nyeusi ndivyo miguu ya jiko lako itakavyokuwa.

Toa nyavu, mapanga, sahani ya majivu, magurudumu, kisha miguu. Miguu ndiyo inayowashinda wengi, na kwa hapa pwani kuna sababu yake. Kwenye majiko mengi ya zamani mguu ni wa aluminiamu na kikombe ni cha chuma. Vyuma viwili tofauti vikigusana penye maji ya chumvi, kimoja huliwa ili kingine kipone, na hapa anayeliwa ni aluminiamu. Hutoa unga mweupe mgumu unaovimba ndani ya kikombe na kuubana mguu kama kabari. Kuvuta hakusaidii. Kupiga nyundo kwa pembeni ndiyo njia ya uhakika ya kung'oa kikombe pamoja na kipande cha bakuli.

Fanya hivi. Pindua bakuli juu chini juu ya gunia lililokunjwa. Mimina mafuta ya taa kuzunguka mdomo wa kila kikombe, kidogo kidogo, asubuhi na jioni, kwa siku mbili. Siku ya tatu funga barafu kwenye mfuko, ukumbatishe mguu karibu na kikombe kwa dakika kumi. Wengi hukimbilia joto, lakini joto hapa linadanganya: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na kwa kuwa mguu ndio ulio ndani, ukipasha unazidi kubana. Baridi huusinyaza mguu, mafuta yakapata upenyo. Viringisha tyubu ya baiskeli kwenye mguu ili spana isiukwaruze, shika kwa spana ya bomba, zungusha kushoto na kulia kwa mwendo mfupi. Ukisikia mlio wa kusaga, umeshinda. Endelea kuzungusha huku ukivuta polepole. Ukigoma, rudia mafuta na barafu siku nyingine. Mguu uliogoma wiki nzima ukate kwa msumeno sentimita tano kutoka kwenye kikombe, halafu pasua kile kisiki kwa ndani kwa msumeno mwembamba hadi kikunjike.

Mguu ulioharibika unapatikana kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu. Peleka wa zamani upimwe. Bomba la plastiki halifai hata kidogo.

Kusafisha ndani

Anza pakavu. Kwangua kwa kifuu ndani ya mfuniko na bakuli hadi magamba yakome kudondoka. Fanya kazi hii nje, ukiwa umefunga kitambaa puani. Safisha nje kabla hujaendelea: nje ni sabuni na maji tu, na palipogandia mafuta unaweza kutumia wembe mpya ukiwa umelazwa karibu sambamba na kioo.

Sasa magadi. Ponda gramu 200, yeyusha kwenye lita 4 za maji ya moto, ongeza vijiko viwili vya sabuni ya unga. Bakuli liwe limepoa kabisa na lisiwe na kipande chochote cha aluminiamu. Lowesha vitambaa vikuukuu, vilaze ndani ya bakuli na mfuniko vikishika kila mahali, acha saa mbili, ukivilowesha tena vikianza kukauka. Ondoa, sugua kwa kumbi la nazi na majivu makavu kidogo, suuza. Kwa jiko la miaka mingi rudia mara mbili au tatu. Utafika mahali ambapo panabaki weusi laini usiobanduka kwa kucha, hapo simama. Weusi huo haudhuru chakula na unalinda zile nyufa usizoziona.

Kostiki ile ya kutengenezea sabuni ni njia ya mwisho, na si kila jiko linaihitaji. Ukiitumia: gramu 30 kwa lita moja ya maji baridi, kwenye ndoo ya plastiki, na ni kostiki inayotiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, kwa kuwa yatachemka na kuruka usoni. Glavu, miwani, nguo za mikono mirefu. Dakika 20 zatosha. Ukiiacha usiku kucha itaondoa mng'ao wa kioo chenyewe. Ikigusa aluminiamu hutoa gesi ya haidrojeni inayowaka, kwa hiyo isifanyike karibu na jiko linalowaka. Na Jiki isichanganywe na ndimu wala siki kwa hali yoyote, kwani hewa yake ya klorini huunguza mapafu.

Wapo wanaopenda kuwasha moto mkubwa ili mafuta ya zamani yaungue yenyewe. Inafanya kazi ukiwa umeshakwangua. Kabla ya kukwangua, mafuta yaliyojaa ndani ya mfuniko yanaweza kushika moto yote kwa pamoja. Na jiko likiwa la moto usilimwagie maji: enameli itapasuka nyufa ndogo kama utando, na kutu itaingilia humo.

Kutu

Sehemu ndogo za chuma, kama ekseli, skrubu na mkono wa hewa wa chini, ziloweke kwenye maji yenye gramu 50 za unga wa ndimu kwa lita, usiku mmoja. Asubuhi sugua kwa sufi ya chuma, ile inayoitwa stilwaya, suuza kwa maji ya magadi mepesi ili asidi iishe, kausha juani papo hapo na pakaa mafuta. Ukiviacha vimelowa kwa Tanga yetu, kabla ya adhuhuri vimerudi kuwa vyekundu.

Kwenye bakuli, usiloweke. Sehemu iliyobanduka kioo isugue kwa msasa namba 220 penye chuma tu, ukikaa mbali na ukingo wa enameli. Usitumie grainda: diski ikiteleza itang'oa kioo kingine, na vumbi la enameli ya zamani, hasa ya rangi nyekundu na njano, si la kuvutwa puani. Nje, pakaa rangi ya eksozi tabaka mbili nyembamba, ukingoja ya kwanza ikauke. Ndani usipake rangi yoyote. Ndani ni mafuta ya alizeti: paka, pangusa hadi ionekane kama hukupaka, washa moto wa wastani saa moja mfuniko ukiwa umefungwa, acha ipoe. Mara tatu. Mafuta ya nazi hayafai kazi hii, hayagandi yakawa ngozi ngumu.

Tundu dogo la kutu kwenye sakafu lizibwe kwa kiraka cha stenlesi kilichofungwa kwa bolti mbili, kimoja ndani, kingine nje. Fundi wa kuchomelea atakwambia dakika mbili tu zatosha. Mkatalie kwa heshima, maana joto la kuchomelea hurusha enameli mviringo mzima wa kuzunguka mahali hapo. Kiraka cha aluminiamu nacho hapana. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660, na kaa jekundu likidondoka juu yake huku hewa ikipuliza kutoka chini linaweza kufika huko.

Matundu ya hewa

Hapa ndipo jiko linapokuwa jiko. Hewa huingia chini, hupita kwenye mkaa, hutoka juu. Ukipunguza njia, moto unapungua. Kisahani kilichoganda wazi kinakupa jiko lisilozimika, kilichoganda kimefungwa kinakupa moshi mzito mweupe na chakula kichungu.

Kisahani cha mfuniko jaribu kwanza kukilegeza. Tia mafuta ya taa kwenye riveti, ngoja saa moja, gonga taratibu kwa kipande cha mti kuzunguka, kisha zungusha kwa mkono uliovaa glavu. Kikikubali, safisha kwa sabuni tu, kwa sababu mara nyingi ni cha aluminiamu. Kikikataa, au riveti ikiwa imeoza, itoe: bandika utepe wa karatasi wenye gundi kuzunguka ili drili isiteleze kwenye kioo, toboa kichwa cha riveti kwa milimita 3 kisha 5, mwendo wa polepole, bila kukandamiza. Kichwa kikitoka, sukuma mwili wake kwa msumari. Rudisha kisahani kwa bolti ya M5: washa juu, washa chini, nati ya kwanza ikaze mpaka kisahani kisimame popote unapokiacha, nati ya pili iifunge ya kwanza. Kikaze mno na utakuwa unakigonga kwa koleo kila siku.

Chini, kwenye mtindo wa matundu matatu, kazi ni hiyo hiyo mara tatu. Kwenye mtindo wa mapanga, majivu na mafuta hushikana kuwa kama saruji. Mimina maji ya moto ya magadi kwenye sakafu, nusu saa isizidi, kisha zungusha mkono kidogo kidogo kushoto na kulia. Mapanga yameingizwa kwenye mhimili wa katikati na huchomoka yakilegea, yaliyoliwa usiyarudishe.

Panga jipya hutengenezwa na fundi bati. Chora la zamani kwenye karatasi ngumu, likiwa limeliwa malizia umbo lake kwa kutazama tundu la bakuli: ni lazima lifunike tundu lote na kuzidi milimita 5 kila upande. Kata kwenye bati la stenlesi la milimita 1. Kisha kosa wanalolifanya mafundi wengi: hulirudisha likiwa bapa. Sakafu ya bakuli ni ya mviringo, na panga bapa linagusa ncha tu, hewa ikapita chini yake. Lilaze juu ya mfuko wa mchanga, ligonge kwa nyundo ya mti hadi lifuate mkunjo wa bakuli. Jaribu kwa karatasi: ikibanwa na panga popote unapoichomeka, kazi imekwisha.

Sahani ya majivu iliyopotea? Sinia ya aluminiamu ya sentimita 40 inatosha, ukiitoboa matundu matatu penye miguu.

Mkono, nyavu na miguu

Mkono wa mfuniko utengenezwe kwa mbao ngumu inayostahimili joto na unyevu. Mkoa wetu una bahati, kuna shamba la mitiki la Longuza kule Muheza, na maseremala hawakosi vipande vya mtiki. Omba kipande cha sentimita 3 kwa 3, urefu upimwe kati ya vishikio vya chuma kwenye mfuniko. Toboa kabla ya kutia skrubu, la sivyo utapasuka. Upake mafuta ya kitani mara tatu, kila tabaka likauke siku nzima. Mafuta ya maganda ya korosho, ambayo wengine huyasifu kwa kulinda mbao, yanababua ngozi. Kwenye kitu cha kushikwa na mkono hayana nafasi.

Wavu wa kuchomea wa jiko la 57 una upana wa sentimita 54 na nusu, wa mkaa kama 43. Wa zamani ukiwa na mipako inayobanduka usihangaike nao. Peleka vipimo kwa fundi wa kuchomelea: wavu wa juu nondo laini ya milimita 6, nafasi ya milimita 12 hadi 15 ili samaki asianguke; wavu wa mkaa nondo ya milimita 8, nafasi ya milimita 20, au 15 ikiwa unachoma kwa mkaa wa vifuu, ambao vipande vyake ni vidogo. Mweleze asitumie chuma kilichopakwa zinki, hata kama kinang'aa na ni rahisi, kwa sababu zinki ikipata moto wa mkaa hutoa moshi unaoleta homa na kubana kifua. Nondo mpya huja na mafuta ya kiwandani: ichome moto tupu saa moja, sugua, ndipo uipake ya alizeti.

Kurudisha miguu, safisha kikombe kwa ndani hadi unga mweupe uishe, pakaa grisi ya beringi sentimita tano za mwisho za mguu, ingiza kwa kuzungusha. Grisi huzuia maji ya chumvi kukaa kati ya vyuma viwili, na utakapotaka kuutoa tena hutahitaji barafu. Mguu unaocheza uviringishie ukanda uliokatwa kwenye kopo la soda. Magurudumu ya kigari cha mtoto yanafaa; ekseli iwe nondo ya milimita 8 yenye tundu na pini kila mwisho.

Moto wa kwanza

Usianze na nyama. Anza na moshi. Tia kilo moja ya mkaa, ukishika weka juu yake kumbi la nazi lenye unyevu, funga mfuniko na utazame moshi unatokea wapi. Kidogo kuzunguka ukingo ni kawaida. Mkondo mzito mahali pamoja ni mfuniko uliopinda au kikombe cha mguu kilichopasuka. Kisha funga matundu yote, juu na chini. Baada ya saa moja mkaa uwe umekufa au karibu. Ukikuta bado ni mwekundu na unavuma, hewa inaingia chini: rudi kwenye mapanga na jaribio la karatasi.

Jiko likipita, lipime kwa kuku. Panga kilo mbili za mkaa pande mbili za wavu wa chini, katikati weka sinia ndogo yenye maji kidogo ya kupokea mafuta. Kuku mzima wa kilo moja na nusu akae katikati, mfuniko ufungwe, matundu ya juu wazi kabisa, ya chini nusu. Atachukua saa moja na robo hivi. Usifungue kila dakika kumi. Kila ukifungua, unapoteza joto na kuupa mkaa hewa. Changu wa kilo moja ni dakika 25 hadi 35 kwa mpangilio huo huo, akiwa amepakwa mafuta na wavu ukiwa umeshapata moto, vinginevyo ngozi yake itabaki kwenye wavu. Pweza achemshwe kwanza, kisha aje juu ya mkaa wenyewe kwa dakika chache.

Mkaa wa mikoko usiununue, mikoko inalindwa. Wa vifuu ni mkali na huwahi kwisha. Kuchanganya nusu kwa nusu na mkaa wa kawaida kunakupa mwanzo wa haraka na mwisho mrefu.

Kulitunza kando ya bahari

Majivu yatoke kesho yake, si wiki ijayo, na msimu wa masika yatoke siku hiyo hiyo baada ya kupoa. Turubai la plastiki lililofunikwa juu ya jiko barazani hufungia unyevu ndani; afadhali gunia la mkonge au paa tu. Kila baada ya miezi mitatu tia tone la mafuta ya alizeti kwenye bolti za visahani na uvizungushe, hata kama hukuchoma chochote. Nyumba iliyo karibu na maji, pangusa nje ya jiko kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki, ukianzia kwenye riveti na skrubu, huko ndiko kutu huanzia.

Na yale majiko uliyoyakataa kwa sababu ya sakafu iliyooza, usiyapite bila kuangalia. Mfuniko mzima, kisahani chenye herufi, vishikio vya mkono, ekseli na hata kikombe kimoja cha mguu kilichonyooka vinauzwa kwa kilo kama chuma kingine, na jiko lijalo litakuwa linakosa kimojawapo.